Namna ya Kuzuru Kasri la Versailles na Bustani Zake kwa Siku Moja

Wageni wengi wanaofika Versailles huizuru kwa mtindo mmoja. Hushuka kwenye treni asubuhi, hupanga foleni uani, hupita vyumbani bega kwa bega hadi Ukumbi wa Vioo, hupiga picha, kisha hutupia bustani jicho la haraka kabla ya kurudi Paris wakiwa hoi. Utaratibu huo si kosa, lakini humwonyesha mgeni dhahabu nyingi na kumficha mpango mzima ambao dhahabu hiyo ni sehemu yake tu. Mwongozo huu unapendekeza kinyume chake: bustani zianze, makasri madogo ya Trianon yafuate adhuhuri, na kasri kuu liachwe hadi alasiri.

Sababu za kupendekeza hivyo ni za kawaida kabisa. Makundi makubwa yanayoletwa kwa mabasi hujazana kasrini asubuhi na hupungua kadiri alasiri inavyosonga. Trianon hazifunguliwi kabla ya saa 6 mchana. Na Ukumbi wa Vioo unaelekea magharibi, kwa hiyo jua huuingia alasiri, si asubuhi. Tena, aliyelijenga kasri hili aliacha maelekezo yake mwenyewe juu ya namna ya kulionyesha, na maelekezo hayo yanahusu bustani.

Historia fupi itamsaidia mgeni kujua anachokitazama. Mwaka 1623 Mfalme Louis XIII alijenga mahali hapa nyumba ndogo ya kufikia alipokwenda kuwinda. Mwanawe, Louis XIV, hakuibomoa nyumba ya baba yake bali aliizungushia majengo mapya, akiwatumia wasanifu Louis Le Vau na baadaye Jules Hardouin-Mansart, mchoraji Charles Le Brun, na bingwa wa bustani André Le Nôtre. Tarehe 6 Mei 1682 alihamishia hapa makao ya utawala wake pamoja na watu wa baraza lake. Familia ya kifalme iliondoka kwa lazima tarehe 6 Oktoba 1789, baada ya ghasia za siku mbili zilizoufikisha umati wa Paris hadi milangoni pa vyumba vya malkia. Mwaka 1837 Mfalme Louis-Philippe aliligeuza kasri kuwa jumba la makumbusho, na mwaka 1979 likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Siku na tiketi

Kasri na Trianon hufungwa kila Jumatatu, na pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Bustani kwa kawaida huwa wazi hata Jumatatu, na anayetaka kutembea tu bila kuingia ndani anaweza kuichagua siku hiyo kwa makusudi. Jumanne inafaa kuepukwa, kwa kuwa jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris hufungwa Jumanne, na watalii walioukuta mlango wa huko umefungwa huelekea Versailles. Mwisho wa juma nao hujaa watu, lakini una jambo la kuufidia: kuanzia Aprili hadi Oktoba, Jumamosi na Jumapili chemchemi hufunguliwa na muziki hupigwa bustanini. Siku za namna hiyo, na siku za katikati ya juma ambazo muziki hupigwa katika msimu huohuo, kuingia bustanini hulipiwa. Siku zisizo na chemchemi wala muziki ni bure, na eneo la nje lenye Mfereji Mkuu ni bure siku zote. Binafsi naona mtu anayekwenda Versailles mara moja tu maishani avumilie msongamano wa Jumamosi ili aone maji yakiruka, kwa sababu bustani hii bila maji ni kama ngoma bila mpigaji. Anayechukia makundi achague Jumatano au Alhamisi.

Kuna tiketi ya kasri peke yake, na kuna tiketi ya pamoja iitwayo Passeport, ambayo hujumuisha kasri, Trianon na bustani. Kwa siku inayopangwa kama inavyoelezwa hapa, ni hiyo ya pili inayohitajika. Inunuliwe mapema kupitia tovuti rasmi ya kasri, kwa kuwa wako wauzaji wa kati wanaoongeza bei bila kuongeza chochote. Tiketi ya kasri hufungwa kwenye saa maalumu ya kuingia, na saa hizo huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri, si usiku wala asubuhi. Chagua 15:00 au 15:30 kati ya Aprili na Oktoba, wakati kasri hufungwa saa 12 na nusu jioni. Kati ya Novemba na Machi hufungwa saa 11 na nusu jioni na jua huzama mapema, kwa hiyo 14:00 inafaa zaidi, hata kama italazimu kupunguza muda wa Trianon.

Vijana walio chini ya umri wa miaka 18 huingia kasrini bila malipo kutoka nchi yoyote, na wakazi wa Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26 pia. Watu wenye ulemavu na mtu mmoja anayewasindikiza husamehewa vilevile. Wote hao wabebe hati za kuthibitisha, kwani mlinzi mlangoni haamini maneno matupu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kati ya Novemba na Machi, kiingilio husamehewa kwa kila mtu; kinachookolewa mfukoni hulipwa kwa miguu, kwenye foleni.

Kufika

Mji wa Versailles uko kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi mwa kitovu cha Paris. Njia rahisi kuliko zote ni treni ya RER ya mstari C, na stesheni ya kushukia ni Versailles Château Rive Gauche, ambako mtu hutembea kama dakika 10 kufika langoni. Mstari huo una matawi, na hapa ndipo wageni wengi hupotelea: kabla ya kupanda, soma ubao uhakikishe kwamba treni inaishia stesheni hiyo, kwa sababu nyingine za mstari huohuo hukata kona na kwenda kwingine. Ikiwa mstari C una matengenezo, ambayo si jambo adimu, treni za kutoka stesheni ya Montparnasse jijini Paris hufika Versailles Chantiers, na za kutoka stesheni ya Saint-Lazare hufika Versailles Rive Droite. Zote mbili ziko umbali wa chini ya dakika 20 kwa miguu. Weka tiketi ya kurudia mapema, kwani jioni mashine za stesheni huzungukwa na umati.

Beba mkoba mdogo. Masanduku na mabegi makubwa hayaruhusiwi kasrini. Vaa viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, kwa maana njia za bustani ni za kokoto na eneo zima lina zaidi ya hekta 800. Chupa ya maji ni lazima wakati wa joto. Chakula kinaweza kubebwa, lakini hakiliwi bustanini. Huliwa katika eneo la nje, kando ya Mfereji Mkuu, ambako watu hutandika nguo zao nyasini bila kusumbuliwa.

Asubuhi: bustani kama mfalme alivyotaka zionekane

Kati ya mwaka 1689 na 1705 Louis XIV alitunga maelekezo ya namna ya kuonyesha bustani za Versailles, na akayarekebisha mara kadhaa kadiri bustani zilivyobadilika. Si maandishi ya kifahari. Yanasema tu utoke kasrini, uende barazani, usimame juu ya ngazi na kutazama vitalu, mabwawa na chemchemi. Kisha uende moja kwa moja hadi juu ya chemchemi ya Latona, usimame tena. Kisha ugeuke ulitazame kasri. Neno linalojirudia ni kusimama. Mfalme aliyeweza kujisifia chochote alichagua kumwambia mgeni mahali pa kusimama na upande wa kutazama, na hadi leo hakuna mwongozo uliompita.

Fuata basi agizo lake. Pita uani, uingie bustanini kwa njia ya kando, na ufike kwenye baraza kubwa la nyuma, penye mabwawa mawili mapana yaliyo mfano wa vioo vilivyolazwa chini. Lipe kasri mgongo. Mbele yako kuna mstari mmoja mnyoofu: ngazi zinateremka hadi Latona, baadaye njia pana ya nyasi, baadaye bwawa la Apollo, halafu Mfereji Mkuu unaonyooka kwa zaidi ya kilomita moja na nusu hadi macho yanapokoma. Le Nôtre aliuchezea umbali huo kwa makusudi. Mfereji unaonekana kuwa karibu na mfupi, kumbe anayeanza kuuendea hugundua kwamba kila akishuka ngazi unazidi kurefuka mbele yake. Usidanganyike ukadhani utafika ukingoni kwa dakika 5.

Kwenye Latona, usiridhike na kupiga picha ya jumla. Sogea ukingoni. Kisa chake ni cha kale: Latona, mama wa Apollo na Diana, alikuwa na kiu, na wakulima wa Lycia wakamnyima maji na kumdhihaki, Jupiter, mkuu wa miungu, akawageuza vyura. Wachongaji, ndugu Gaspard na Balthasar Marsy, waliuchagua wakati ambao laana imeanza kushika lakini haijaisha. Wengine wamekwisha kuwa vyura kamili, na wengine wangali na miili ya watu huku midomo yao imetanuka na vichwa vimeharibika. Latona mwenyewe amesimama juu na wanawe wawili, akiomba. Kwa mfalme aliyejifananisha na Apollo, mungu wa jua, na ambaye utotoni mwake aliona mama yake akikabiliwa na uasi wa wakuu wa nchi, si vigumu kuona kwa nini watu wengi wamesoma onyo katika chemchemi hii, ingawa tafsiri hiyo ina wapinzani.

Kutoka hapo, kabla ya kushuka zaidi, geukia kushoto uende ukaone Orangerie kutoka juu. Ni ukumbi mkubwa uliojengwa chini ya baraza, na mbele yake, kuanzia katikati ya Mei hadi Oktoba, hupangwa michungwa, milimau, mikomamanga na mitende zaidi ya 1,000 ikiwa ndani ya masanduku ya mbao. Majira ya baridi yakikaribia, yote huingizwa ndani. Ndipo mtu huelewa kwamba mchungwa, mti usio na ajabu katika nchi za joto, hapa ulikuwa alama ya utajiri kwa sababu tu ulihitaji nyumba yake mwenyewe.

Kando ya mstari mkuu kuna misitu midogo iliyozungushiwa ua wa miti iliyokatwa kama kuta, na ndani ya kila mmoja kumefichwa uwanja, ngazi za maji au sanamu. Haiwezekani kuiona yote kwa asubuhi moja, wala si lazima. Chagua miwili: ule wenye duara la nguzo 32 za marumaru uliosanifiwa na Hardouin-Mansart mwaka 1685, na ule wa dansi, ambako maji huteremka juu ya ngazi za mawe na kombe za baharini. Baadhi hufunguliwa siku za chemchemi pekee.

Maji yenyewe yanastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo gharama yote ya bustani ilipolala. Versailles haina mto. Wahandisi wa mfalme walichimba mabwawa na mifereji ya kukusanya maji ya mvua kutoka nyanda za jirani, na mwaka 1684 ukakamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu makubwa 14 ndani ya mto Seine, ukiyapandisha maji zaidi ya mita 150. Hata hivyo hayakutosha. Chemchemi hazikuweza kuruka zote kwa pamoja mchana kutwa, kwa hiyo watumishi walipigiana mbinja mfalme alipokaribia ili wafungue zilizo mbele yake na kuzifunga alizokwisha kuzipita. Leo maji bado husukumwa kwa mteremko tu kutoka kwenye matangi ya juu, na ndiyo maana ratiba ya chemchemi ina saa chache kwa siku. Isome ratiba hiyo kabla ya kuanza kutembea, kisha panga njia yako kwa kuifuata.

Mwisho wa mteremko ni bwawa la Apollo, ambamo mungu wa jua anachomoza kutoka majini akiwa juu ya gari la farasi wanne, kazi ya Jean-Baptiste Tuby kwa risasi iliyopakwa dhahabu. Tazama anakoelekea. Jua huchomoza mashariki na kwenda magharibi, lakini gari hili linatoka magharibi likielekea mashariki, yaani kasrini. Mfalme alitaka kutazamwa usoni, na jua likabidi ligeuze njia.

Adhuhuri: Mfereji na Trianon

Mfereji Mkuu una umbo la msalaba, na ulichimbwa kati ya mwaka 1668 na 1679. Zamani ulibeba hata gondola zilizotolewa na Venice. Leo mgeni anaweza kukodi mashua ya makasia kwa nusu saa au saa moja. Baiskeli hukodishwa karibu na hapo, na kuna kitreni kidogo cha barabarani kinachopita kati ya kasri na Trianon kwa malipo ya ziada. Mwenye magoti yenye matatizo asione aibu kukitumia, kwani kutembea kutoka kasrini hadi Trianon huchukua karibu nusu saa kila upande.

Grand Trianon, la mwaka 1687, ni kasri la ghorofa moja lenye nguzo za marumaru ya waridi, ambako Louis XIV alizikimbia adabu nzito alizozitunga mwenyewe. Ndani yake ndiko Hungaria ilikotia saini mkataba wa tarehe 4 Juni 1920 uliopunguza sana ardhi yake. Petit Trianon ni dogo zaidi, na kwa maoni yangu ni zuri zaidi: nyumba ya mraba iliyojengwa kati ya mwaka 1762 na 1768 na msanifu Ange-Jacques Gabriel. Louis XV, kitukuu na mrithi wa Louis XIV, aliikusudia kwa kipenzi chake Madame de Pompadour, ambaye alifariki mwaka 1764 bila kuiona imekamilika, na mwaka 1774 Mfalme Louis XVI alimpa mkewe Marie-Antoinette.

Tenga saa nzima kwa kijiji cha malkia kilichoko nyuma yake. Richard Mique alikijenga miaka ya 1780 kikiwa na nyumba za makuti ya majani kandokando ya bwawa, shamba la mifugo na kinu cha maji. Angalia kuta kwa karibu: nyufa na matofali yaliyochakaa vilichorwa kwa rangi ili nyumba mpya zionekane kuukuu, huku ndani ya nyumba ya malkia kukiwa na samani za kifahari. Wageni hucheka, kisha hunyamaza wakikumbuka njaa ya mikate iliyokuwa ikiukaribia mji wa Paris.

Alasiri: kasri kuu

Wageni binafsi wenye tiketi huingia kwa mlango A. Baada ya ukaguzi, pakua programu rasmi ya mwongozo wa sauti katika simu yako, na uvae vipokea sauti kwa adabu. Mwanga wa kamera hauruhusiwi, wala vijiti vya kujipigia picha. Tumia choo kabla ya kupanda ghorofani, kwa sababu njia ya vyumba vikuu ni ya upande mmoja na kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa watu ni shida.

Utaanza na kanisa la kifalme, lililokamilika mwaka 1710, ambamo Marie-Antoinette alifunga ndoa tarehe 16 Mei 1770. Chumba cha Hercules kinafuata, na dari yake ya François Lemoyne, iliyokamilika mwaka 1736, ina wahusika zaidi ya 140. Simama ukutani ili usigongwe unapotazama juu. Vyumba vinavyofuata vina majina ya miungu ya sayari. Vipite polepole lakini usivihesabu. Kasri hili lina vyumba zaidi ya 2,000, na anayejaribu kukumbuka kila dari hutoka hakumbuki hata moja.

Ukumbi wa Vioo una urefu wa mita 73. Matao 17 yenye vioo vya kujitazamia yanakabili madirisha 17. Kila tao limeunganishwa kwa vipande 21, jumla 357, kwa sababu mafundi wa wakati huo hawakuweza kutengeneza kioo kimoja kikubwa kiasi hicho. Sogelea tao lolote uitazame mistari ya maungio: hapo ndipo teknolojia ya mwaka 1684 ilipokomea. Venice ndiyo iliyotawala biashara ya vioo vya aina hii, na Ufaransa ilianzisha kiwanda chake mwaka 1665 ili isiitegemee. Katika ukumbi huuhuu Dola ya Ujerumani ilitangazwa tarehe 18 Januari 1871, na Ujerumani ikaletwa papa hapa kutia saini mkataba wa tarehe 28 Juni 1919 baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Nyuma ya vioo hivyo, katikati kabisa ya jengo, kuna chumba cha kulala cha mfalme, kinachotazama mashariki. Louis XIV alifia humo tarehe 1 Septemba 1715. Katika chumba cha malkia, tazama upande wa kushoto wa kitanda: kuna mlango uliofunikwa kwa kitambaa kilekile cha ukutani, na ukitulia utauona ukingo wake. Kupitia hapo Marie-Antoinette alikimbia alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 1789. Ukibaki na nguvu, malizia na Ukumbi wa Vita wenye picha 33 kubwa. Ukichoka, huo ndio wa kuuacha.

Kabla ya kuondoka katika Ukumbi wa Vioo, hakikisha umefika kwenye dirisha la tisa, lile la katikati. Kutoka hapo utaona mabwawa, njia ya nyasi, Apollo anayekuja upande wako, na Mfereji ukiwaka jua la alasiri, na utaweza kuonyesha kwa kidole mahali ulipotembea tangu asubuhi. Walinzi huanza kuwasogeza watu kuelekea mlangoni kabla ya saa ya kufunga, kwa hiyo dirisha hilo lifikiwe mapema, na mtu ajipe angalau dakika 10 za kusimama.